Maiti za vitani hazileti kipindupindu

Kila mapigano yakiacha maiti njiani, kesho yake hutoka agizo lile lile: zifukieni upesi kabla magonjwa hayajalipuka. Tingatinga linachimba shimo, chokaa inamwagwa, na kufikia jioni hakuna ajuaye nani kalazwa wapi. Agizo hili limeshafukia ndugu wa watu wengi mno. Naomba tuliache.

Aliyeuawa kwa risasi au panga hakufa kwa ugonjwa wa mlipuko, na kuoza hakumzalishii vijidudu asivyokuwa navyo. Harufu haiambukizi. Waliokufa kwa kipindupindu au Ebola ni habari nyingine, wana utaratibu wao. Maiti ikiwa kisimani, itoeni, kisha tibuni maji kwa klorini. Wabebaji wavae glavu nzito na buti, wanawe kwa sabuni. Chokaa haina kazi hapo. Lori lake lingebeba maji, maana waliokimbia makwao wanahitaji angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na kuhara huwaua wengi wao.

Sasa namba, ambayo watu huiona ni ukarani tu. Mtaalamu wa mabomu akishakagua, kila mwili unapewa namba yake: mahali, timu, na hesabu, mfano SOKO-B-014. Iandikwe kwenye lebo isiyolowa, ifungwe mwilini, nyingine kwenye mfuko au shuka, na ionekane katika kila picha: mwili mzima, uso, nguo, kovu, meno. Uso upigwe kama ulivyokutwa, kisha ukishasafishwa. Kwenye joto uso huvimba ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo picha haingoji kesho. Mkono uliokutwa peke yake unapata namba yake. Usikisie ni wa nani. Ufunguo ulio mfukoni ubaki na maiti hiyo hiyo.

Kama hakuna chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 4, zikeni kwa muda. Handaki liwe na kina cha mita 1.5 au zaidi, mbali na vyanzo vya maji, mita 200 hivi. Maiti zilazwe safu moja, sentimita 40 kati yao, kamwe zisirundikwe. Namba ionekane pia juu ya ardhi, na ramani ichorwe.

Huko Srebrenica, Bosnia, mwaka 1995, waliowaua maelfu ya Waislamu walirudi baadaye na mashine, wakafukua makaburi na kuhamisha mabaki ili kuficha ushahidi. Mifupa ya mtu mmoja ikaja kupatikana katika makaburi tofauti, na vipimo vya DNA ndivyo vilivyoiunganisha. Tingatinga la mwenye nia njema huchanganya vile vile.

Mwongozo wa kushughulikia maiti, unaotoa taratibu hizi, hausemi sana kuhusu pale mnapokuwa na dakika kumi tu chini ya risasi. Hapo ningechukua namba na picha ya uso, basi. Hata utambuzi wa macho siuamini sana: mama aliyelia siku tatu anaweza kumtambua mtoto asiye wake, akamzika, na familia nyingine ikatafuta maisha yote. Na daftari la kumbukumbu za namba hizi linanitia hofu. Nakala mbili, sehemu mbili, sawa. Lakini wauaji wakiwa ndio wenye ofisi, anayelikabidhi huenda anawapa orodha ya mashahidi. Mimi ningelivusha mpaka wa nchi kwanza.