Dole gumba limelala baada ya kukatwa na kisu: maswali na majibu

Naparua samaki Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mwaka juzi kisu kiliteleza kikanikata kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Kidonda kimepona, lakini dole gumba halifiki kwenye kidole kidogo. Kwa nini?

Pole sana. Katikati ya kifundo hapo unapita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli midogo iliyotuna chini ya dole gumba. Weka mkono mezani, kiganja kitazame juu, kisha jaribu kulisimamisha dole gumba lielekee darini. Likigoma, na ile nyama iliyotuna imebonyea, basi mshipa huo uliguswa. Ndiyo maana mtu anabeba ndoo ya sato vizuri tu, ila kifungo cha shati kinamshinda.

Si mshipa ushonwe?

Ungeshonwa siku zile zile ingekuwa afadhali. Mshipa ulioshonwa huota polepole, kama milimita 1 kwa siku, na misuli iliyokaa mwaka hadi mwaka na nusu bila fahamu kwa kawaida haiamki tena. Kukandwa na maji moto hakuiamshi. Kinachobaki ni kuhamisha kano, yaani ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa.

Kuhamisha vipi?

Daktari anaazima pale penye ziada. Kidole cha pete kina kano mbili za kukikunja. Anachukua ya juujuu, ya ndani inabaki na kazi yake. Anaikata kidoleni, anaivuta hadi kwenye kifundo, anaizungusha upande wa kidole kidogo, halafu anaipitisha chini ya ngozi ya kiganja na kuishona penye mzizi wa dole gumba. Msuli wenyewe haubanduki kwenye kigasha. Kona ile ndiyo siri yote: aliyewahi kupandisha tanga anajua kamba isipopita kwenye kapi huvuta kwingine. Zipo kano nyingine za kuazima, mfano ile ya kunyoosha kidole cha shahada.

Kazini nitarudi lini?

Utakaa na hogo wiki 3 hadi 4, kisha mazoezi. Mwanzoni inachekesha: unaambiwa kunja kidole cha pete, linaloitika ni dole gumba, maana ubongo bado unaijua kano kwa kazi yake ya zamani. Anza kwa kuokota dagaa mmoja mmoja kwenye ungo. Kuvuta nyavu kusubiri miezi 3 hivi.

Na ganzi ya vidoleni?

Operesheni hii inarudisha mwendo, hairudishi hisia. Sufuria ya moto ishike kwa kitambaa.

Kila mtu anafaa?

Hapana. Mwenye ukoma, ambao nao huharibu mishipa ya fahamu, atumie dawa kwanza, zinatolewa bure, ugonjwa utulie. Na kiungo kilichokakamaa hakivutwi na kano yoyote. Kwa hiyo wakati unafuatilia rufaa, iwe ni hospitali ya Sekou Toure au Bugando, kila siku tumia mkono wa pili, ulio mzima, kulinyoosha dole gumba hilo, ulitanue mbali na kiganja, taratibu.