"Huku Hakuna Anayekusumbua": Dhana Potofu za Wageni Kuhusu Sheria na Uhuru Ughaibuni

Wageni wanaoishi nchi za watu hawakosi la kusema kuhusu sheria za huko. Mmoja atakwambia tangu ahamie anapumua: polisi hawamjui, wala hakuna anayemuuliza analala wapi na nani. Mwenzake wa jengo hilo hilo atalalamika kwamba nchi imejaa makatazo hata mtu anaogopa kukohoa. Kila mmoja anasimulia aliyoyaona, na wote wawili wamekosea kwa namna moja: wanaipima sheria kwa yaliyowapata wao. Ambaye hajaguswa anadhani ameruhusiwa. Aliyeguswa mara moja anadhani hana haki yoyote. Kuachwa bila kusumbuliwa ni jambo moja, kuwa na haki ni jingine, na dhana nyingi za ughaibuni huota katikati ya hayo mawili.

"Likinipata la kunipata, ubalozi utanitoa"

Hii ndiyo dhana kongwe, na ndiyo inayovunja watu moyo zaidi. Kazi ya ubalozi kwa raia aliyekamatwa imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonsula. Maafisa wake wana haki ya kumtembelea mahabusu au gerezani, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumsaidia kupata wakili. Kwa kawaida watampa orodha ya mawakili, wataiarifu familia yake akipenda, na watauliza kama anatibiwa. Kumtoa hawawezi. Wakili hawamlipii, faini hawamlipii, na mbele ya hakimu hawana amri yoyote.

Ibara ya 36 ya mkataba huo inawataka waliomkamata mgeni wamwambie bila kuchelewa kwamba anayo haki ya ubalozi wake kupewa taarifa. Lakini taarifa inapelekwa akiomba mwenyewe, isipokuwa kama nchi hizo mbili zimekubaliana vingine. Anayenyamaza akidhani habari zitafika zenyewe anaweza kukaa ndani siku nyingi bila mtu wa kwao kujua. Na haki hiyo ikivunjwa, usitegemee milango ya gereza ifunguke. Ndugu wawili Wajerumani wa familia ya LaGrand walihukumiwa kifo katika jimbo la Arizona, Marekani, kwa mauaji yaliyotokea walipojaribu kuiba benki mwaka 1982, na hawakuelezwa haki hiyo kwa wakati. Ujerumani iliishtaki Marekani katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki na ikashinda mwaka 2001. Ndugu wenyewe walikuwa wameshauawa kwa hukumu ile tangu mwaka 1999.

Ukubwa wa nchi unayotoka nao hausaidii kama watu wanavyodhani. Mwaka 1994 Singapore ilimhukumu kijana wa Kimarekani, Michael Fay, viboko sita kwa kuharibu magari ya watu. Rais Bill Clinton aliomba asichapwe. Viboko vikapunguzwa hadi vinne, kisha akachapwa. Yaani ombi la rais wa Marekani lilifaa viboko viwili.

Zipo dhana mbili ndogo zinazotembea na hii. Ya kwanza ni kwamba ukiingia ndani ya ubalozi uko kwenye ardhi ya nchi yako. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ule wa uhusiano wa kidiplomasia, unawazuia polisi wa nchi mwenyeji kuingia humo bila ruhusa, ila ardhi inabaki ya mwenyeji na sheria zake zinaendelea kuhesabika. Ya pili ni ya wenye uraia pacha, wanaofikiri pasipoti mbili ni ulinzi maradufu. Ukikamatwa katika nchi ambayo nayo inakuhesabu raia wake, huenda ubalozi wa pili usiruhusiwe hata kukuona. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 kuhusu uraia ulishasema kwamba nchi haimtetei raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Na kwa mtaalamu wa kampuni kubwa aliyepewa nyumba, gari na dereva: kinga ya kidiplomasia si sehemu ya marupurupu hayo.

"Kila mtu anafanya, hakuna anayekamatwa"

Hapa ndipo mgeni anapojenga nyumba yake juu ya mchanga, tena kwa kujiamini. Chukua Uholanzi. Watu wengi duniani wanaamini bangi ni halali huko kwa kuwa inauzwa dukani mchana kweupe. Sheria ya nchi hiyo inaihesabu bangi kuwa kosa mpaka leo. Kilichopo ni sera ya waendesha mashtaka kutomfuatilia mtu mwenye gramu zisizozidi tano, na kuyavumilia maduka yanayofuata masharti. Kuilima na kuyauzia maduka hayo kumebaki kosa, ukiacha jaribio la serikali katika miji michache. Ureno nayo inasemwa kwamba "imehalalisha dawa za kulevya". Mwaka 2001 iliacha kumfunga mtu anayekutwa na kiasi cha matumizi yake mwenyewe kisichozidi cha siku kumi. Bado dawa zinanyang'anywa, bado mhusika anapelekwa mbele ya tume, na muuzaji anakwenda jela kama kawaida.

Mchezo huu unakwenda upande wa pili pia, yaani watu kuogopa sheria isiyokuwapo. Singapore inatajwa kila mahali kama nchi ambayo kutafuna chingamu ni kosa. Kilichopigwa marufuku mwaka 1992 ni kuiingiza na kuiuza, na tangu mwaka 2004 ile ya matibabu inapatikana kwa wafamasia na madaktari wa meno. Hakuna askari anayewachungulia watu midomoni.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni Umoja wa Falme za Kiarabu. Kwa miaka mingi wageni wasiooana waliishi pamoja Dubai na kunywa pombe majumbani bila kibali, vyote vikiwa makosa ya jinai, na wengi wao hawakuulizwa lolote. Wakaaminishana kwamba sheria ile ni ya makaratasi tu. Sheria ililala mpaka kitu kingine kilipowaleta polisi mlangoni: ajali, ugomvi na jirani, binti aliyefika hospitali akiwa mjamzito bila cheti cha ndoa. Hapo mtu alikuta ana kesi mbili, ile iliyowaleta polisi na ile waliyoikuta ndani. Novemba 2020 nchi hiyo ilitangaza mageuzi yaliyoondoa jinai katika kuishi pamoja na katika unywaji wa faragha. Ila sheria mpya ya jinai iliyoanza kutumika Januari 2022 imeacha mlango: uhusiano nje ya ndoa unaweza kushtakiwa mwenzi wa ndoa au mlezi akilalamika.

Kwa hiyo kujua kama majirani wanafanya hakutoshi. Jiulize kinatokea nini siku mtu mmoja mwenye kinyongo akipiga simu polisi. Mwenye nyumba unayegombana naye kuhusu kodi anajua mengi kukuhusu, na mpenzi mliyeachana vibaya anajua zaidi.

Sheria nazo hubadilika haraka kuliko simulizi za wageni. Thailand iliiondoa bangi katika orodha ya dawa zilizokatazwa Juni 2022, maduka yakafunguliwa kila kona. Juni 2025 ikarudisha sharti la cheti cha daktari. Aliyepewa ushauri na rafiki aliyeishi huko katikati ya tarehe hizo amepewa ushauri wa nchi nyingine.

"Nchi ni huru au si huru"

Wageni hupenda kuzipanga nchi kwenye ngazi moja, huru juu na kali chini. Uhuru hauko hivyo. Ujerumani utaikosoa serikali utakavyo, lakini saluti ya Kinazi ni kosa la jinai: mwaka 2017 watalii wawili kutoka China walishikiliwa kwa kupigana picha wakiitoa mbele ya jengo la Bunge mjini Berlin, wakaachiwa kwa dhamana. Ufaransa unaweza kumchora rais katuni ya kumdhalilisha, ila sheria ya mwaka 2010 inakukataza kufunika uso hadharani, na faini yake ya hadi euro 150 inamhusu hata mgeni wa siku mbili. Thailand, ambako wageni wengi husema hawajawahi kuishi kwa raha kama hiyo, kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kumtusi mfalme, malkia au mrithi wa kiti.

Anayetafuta nchi "huru" ajiulize kwanza uhuru upi. Mwenye kutaka kunywa bia ufukweni na mwenye kutaka kuandika makala za siasa hawatafuti nchi moja.

"Nimeondoka, sheria za kwetu zimebaki kwetu"

Baadhi zinapanda ndege pamoja nawe. Marekani inawadai raia wake taarifa za kodi popote wanapoishi, hata yule aliyezaliwa huko kwa bahati na kuondoka akiwa mchanga. Singapore inaweza kumshtaki raia wake au mkaazi wake wa kudumu kwa dawa za kulevya alizotumia nje ya nchi. Korea Kusini iliwakumbusha watu wake jambo hilo hilo Kanada ilipohalalisha bangi mwaka 2018. Raia wa Uingereza anayetoa "kitu kidogo" ili karatasi zisogee, kwa kuwa eti ndivyo mambo yanavyokwenda huko aliko, anaweza kushtakiwa kwao chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2010. Sheria hiyo haina msamaha kwa malipo madogo.

Na kinyume chake, halali ya kwenu haikulindi unakokwenda. Dawa zenye amfetamini anazoandikiwa mgonjwa na daktari wake haziingii Japani kabisa, hata akiwa na cheti mkononi. Huko mtu anaweza kushikiliwa hadi siku 23 kabla ya kufunguliwa mashtaka.

"Mgeni hana haki"

Dhana hii ni ya wale walioumizwa, na waajiri wabaya huipenda sana. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa unamlinda kila mtu aliye ndani ya nchi mwanachama, si raia peke yake. Kupiga kura na kugombea uongozi ni kwa raia, ndiyo. Lakini kutoteswa, kuambiwa mashtaka kwa lugha unayoielewa na kupewa mkalimani wa bure mahakamani ni haki za kila mtu. Aliyeko kihalali hafukuzwi ila kwa uamuzi uliofuata sheria.

Pasipoti je? Waajiri wengi huishika "kwa usalama", na wafanyakazi wengi huamini ndio utaratibu. Qatar iliweka faini kwa mwajiri anayeishika katika sheria yake ya mwaka 2015. Nchi hiyo ilikuwa ikimtaka mfanyakazi apate idhini ya mwajiri hata ya kutoka nchini; sharti hilo liliondolewa kwa wengi mwaka 2018 na kwa wafanyakazi wa nyumbani Januari 2020, ingawa hawa wa mwisho wanatakiwa kumwarifu mwajiri saa 72 kabla.

Hata hivyo siwezi kumlaumu anayeona haki hizo ni za kwenye karatasi. Kibali chake cha kuishi mara nyingi kimefungwa kwenye ajira. Anayemshtaki mwajiri anahatarisha kazi, kazi ikienda kibali kinafuata, na kesi haimsubiri aliyesharudishwa kwao. Mhandisi mwenye akiba anaweza kuvumilia miezi ya mvutano huo. Mtumishi wa ndani anayetuma mshahara wote nyumbani hawezi. Wanapokaa mji mmoja na kutoa maoni tofauti kabisa kuhusu uhuru wake, wote wawili wanasema kweli, kila mmoja ya kibali chake.

"Mambo ya familia yangu ni ya kwetu"

Hili halizungumzwi mpaka ndoa ivunjike au mtu afe. Mzazi aliyeachana na mwenzake ughaibuni hudhani anaweza kumchukua mtoto na kurudi naye kwao, kwa kuwa mtoto ana pasipoti ya huko na bibi zake wako huko. Chini ya Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 kuhusu watoto wanaochukuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine, pasipoti ya mtoto haiamui. Kinachotazamwa ni mahali alipozoea kuishi. Akiondolewa bila idhini ya mzazi mwingine mwenye haki ya malezi, mahakama ya nchi alikopelekwa hutakiwa kumrudisha, isipokuwa kwa sababu chache, hasa ombi likiletwa ndani ya mwaka mmoja. Mahakama hiyo haiamui nani mzazi bora. Inaamua tu kesi ikasikilizwe wapi. Mkataba unahusu watoto walio chini ya miaka 16, na kati ya nchi zilizojiunga tu. Nchi ambazo hazimo, mzazi aliyeachwa nyuma anaweza kuhangaika miaka.

Mirathi nayo ina mtego wake. Kwa vifo vilivyotokea tangu tarehe 17 Agosti 2015, karibu nchi zote za Umoja wa Ulaya, bila Denmark na Ireland, hutumia sheria ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kawaida. Mstaafu aliyehamia Ufaransa kwa ajili ya jua anaweza kuacha mali inayogawanywa kwa sheria ya Ufaransa, ambako watoto wana fungu ambalo wosia hauwezi kuwanyima. Anaruhusiwa kuchagua sheria ya nchi ya uraia wake badala yake. Lakini hakuna atakayemkisia: chaguo hilo liandikwe kwenye wosia, au lionekane wazi katika maneno ya wosia huo, angali hai.