Zellers ya Kanada: Walmart hakuiua, Target hakuinunua

Wakanada waliokulia miaka ya 1980 na 1990 wakiitaja Zellers, msururu wa maduka ya bei nafuu, hukumbuka dubu Zeddy aliyekuwa nembo yake, mgahawa uliokuwa ndani ya duka, na Club Z, mpango ulioanza 1986 wa kumpa mteja pointi kila anaponunua. Kumbukumbu hizo ni tamu. Habari za kuanguka kwake, hata hivyo, zimetiwa chumvi sana.

Dhana: Ilikuwa kampuni ya Kimarekani

Mwanzilishi wake, Walter P. Zeller, alikuwa mtu wa Ontario, jimbo la Kanada. Mwaka 1928 aliwauzia Wamarekani wa kampuni ya Schulte-United maduka yake machache, wakafilisika, naye mwaka 1931 akayanunua tena na kuyapa jina lake. Kilichochanganya watu ni kwamba baadaye W.T. Grant, kampuni ya maduka ya Marekani, ilishika hisa zake nyingi, hadi katikati ya miaka ya 1970.

Dhana: Hudson's Bay ndiyo iliyoiwinda

Zellers ndiyo iliyoanza. Mwaka 1978 ilijaribu kuinunua Hudson's Bay, kampuni iliyozaliwa 1670 kwa biashara ya ngozi za wanyama. Mzee huyo akageuka, akamnunua aliyekuja kumposa.

Dhana: Walmart aliingia, Zellers ikafa

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na ina chembe ya ukweli. Walmart, jitu la maduka ya bei nafuu la Marekani, aliingia Kanada 1994 kwa kununua maduka 122 ya msururu wa Woolco. Zellers ilikuwa imejitangaza kwa miaka kwamba "bei ya chini kabisa ndiyo sheria". Sasa akaja mtu mwenye ubavu wa kuivunja sheria hiyo kila asubuhi.

Lakini tazama kalenda. Zellers iliishi karibu miaka 20 baada ya hapo. Tena ilipanuka: mwaka 1998 ilinunua maduka ya mshindani wake, Kmart ya Kanada, na mwaka uliofuata ilikuwa na maduka kama 350, mengi kuliko wakati wowote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipojiumiza. Ilinunua wingi wakati mwenzake anashindana kwa bei na kwa wepesi wa kupeleka bidhaa dukani. Kuongeza milango hakukupunguza gharama ya sabuni iliyo kwenye rafu.

Dhana: Target iliinunua Zellers

Target, msururu mwingine wa maduka wa Marekani, haikununua jina, wala bidhaa, wala biashara. Januari 2011 ilikubali kulipa dola bilioni 1.825 za Kanada ili ichukue mikataba ya pango ya majengo yasiyozidi 220. Mfanyabiashara wa Kariakoo angeelewa mara moja: hicho ni kilemba. Unamlipa mpangaji akupishe kwenye fremu yake nzuri. Hudson's Bay ilipiga hesabu ikaona kuwa fremu zina thamani kuliko duka lililomo.

Walioumia ni wafanyakazi. Aliyetaka kazi Target aliomba upya kama mgeni, na miaka yake ya utumishi haikuhesabiwa. Kichekesho ni kwamba Target ilimpa Walmart 39 ya mikataba hiyo, kwa hiyo sehemu ya Zellers iliishia mikononi mwa mshindani yuleyule.

Target nayo ilifungua mwaka 2013, ikafikisha maduka 133, na Januari 2015 ikatangaza kuondoka. Watu wapatao 17,600 walikuwa kazini. Vipimo vya bidhaa viliingizwa vibaya kwenye kompyuta, maghala yakajaa huku rafu zikiwa tupu. Wateja waliozoea kuvuka mpaka waliona pia kwamba bei haikuwa ile waliyoiona upande wa Marekani. Majengo mazuri hayakuwasaidia.

Dhana: Zellers iliisha 2013

Maduka mengi yalifungwa mwaka huo. Machache yalibaki ya kumalizia bidhaa za Hudson's Bay zilizododa, na mawili ya mwisho, moja Etobicoke na jingine Ottawa, yalifunga Januari 2020. Mwaka 2023 jina likarudishwa, safari hii kama kona ndani ya maduka ya Hudson's Bay pamoja na mauzo ya mtandaoni. Safari hii hakuna mshindani aliyekuja kumwondoa mpangaji: mwenye nyumba mwenyewe, Hudson's Bay, akiwa na miaka 355, alifunga milango yake ya mwisho Juni 1, 2025.