Viungo vya unga na chumvi zenye ladha: tofauti yake jikoni

Kwenye meza za viungo za soko la Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kitunguu saumu cha unga na chumvi ya kitunguu saumu hukaa bega kwa bega. Rangi zinakaribiana, harufu nayo ni moja, na ukimuuliza muuzaji atakwambia vyote ni vya kutia mu mboga. Ni kweli, ila havitiwi kwa kipimo kimoja wala kwa wakati mmoja.

Kiungo cha unga ni mmea uliokaushwa ukasagwa. Huweza kuwa mmea mmoja, kama tangawizi au pilipili manga, au mchanganyiko kama unga wa kari, ambao kwa kawaida huwa na manjano, giligilani, bizari nyembamba na uwatu. Chumvi yenye ladha ni chumvi kwanza, kisha ikatiwa kiungo ili inukie. Chumvi ya kitunguu saumu, kwa mfano, huwa takriban sehemu tatu za chumvi kwa sehemu moja ya saumu.

Hesabu hiyo ndiyo ya kushika. Umeelekezwa utie kijiko kimoja cha saumu ya unga kwenye mchuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nawe ukatia kijiko cha chumvi ya saumu: tayari umetia kama robo tatu ya kijiko cha chumvi, na hujagusa chumvi yenyewe. Ukitaka saumu isikike kama ilivyokusudiwa, itabidi utie vijiko vinne, na sufuria hiyo hakuna atakayeila. Kwa makayabu, samaki aliyekuja na chumvi yake, hatari ni kubwa zaidi. Mimi kwenye makayabu situmii chumvi yoyote yenye ladha. Natia unga mtupu.

Na Maggi je? Wengi huihesabu pamoja na viungo, lakini vipande vile, vilivyotoka kwa Julius Maggi wa Uswisi mwaka 1908, viko upande wa chumvi. Mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Ndani yake huwamo pia glutamati, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga kutoka kwenye mwani mwaka huohuo wa 1908. Glutamati nayo ina sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu, ingawa ni kama theluthi tu ya ile ya chumvi kwa uzito uleule. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai. Mwenye shinikizo la damu nyumbani anatiliwa Maggi, chumvi ya saumu na chumvi ya kawaida katika sufuria moja, halafu tunashangaa dawa hazimsaidii. Hilo linaniuma.

Kutambua si kazi. Kwenye pakiti, viambato huandikwa kuanzia kile kilicho kingi kwa uzito, kwa hiyo neno "sel", yaani chumvi kwa Kifaransa, likitangulia, umeshika chumvi. Kama umenunua cha kupimiwa kwenye mfuko usio na maandishi, koroga nusu kijiko katika glasi ya maji ya uvuguvugu, uache itulie. Chumvi yenye ladha huyeyuka karibu yote, zikabaki chembe chache chini. Unga halisi hauyeyuki hivyo: maji yanachafuka, na tope nene linashuka taratibu. Mfanyabiashara anayeongeza chumvi kwenye kiungo anakuuzia kitu cha bei ndogo kwa bei ya kitu ghali, kwa hiyo glasi hiyo inalinda na mfuko wako.

Wakati wa kutia nao hutofautiana. Kari na manjano hupenda mafuta ya moto mwanzoni, kwa sababu harufu yake nyingi hutoka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Saumu ya unga huungua upesi ikawa chungu, basi itie nyanya zikishaanza kutoa maji. Chumvi yenye ladha ngojea mwisho: mchuzi ukipungua motoni, maji huondoka na chumvi hubaki, na kilichokuwa sawasawa kinakuwa kikali.

Kwetu Kivu kuna jambo jingine, iodini. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilichunguzwa na madaktari katika miaka ya 1960 kwa ajili ya rovu, uvimbe wa shingo, ambao huletwa na ukosefu wa iodini na kuzidishwa na muhogo usioandaliwa vizuri. Chumvi yenye ladha si lazima iwe na iodini. Ukiamua kuitumia kila siku badala ya chumvi ya kawaida, tafuta iliyoandikwa "sel iodé". Isipopatikana, nunua chumvi yenye iodini na saumu ya unga kando, uchanganye mwenyewe vijiko vitatu kwa kimoja, ufunge kopo vizuri, kwa maana unyevu huigandisha na iodini hupungua ikiachwa wazi.