Busaa, stauti na managu: dhana potofu na ukweli kuhusu lishe

Dhana: Busaa (pombe ya kienyeji) ni chakula, aliyekunywa hana haja ya mboga.

Ukweli: Kuna chembe ya ukweli hapa, ndiyo maana dhana hii haifi kuanzia Kakamega hadi Kisumu. Busaa hutokana na unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa juu ya bati, kisha ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Wanga umo, protini kidogo imo, na hamira huongeza vitamini za kundi B. Lakini vitamini A na C karibu hazimo kabisa, na kileo chenyewe huzuia utumbo kufyonza foleti (vitamini B9) na vitamini B1. Mtu hushiba na bado mwili wake una upungufu.

Chang'aa, pombe kali inayotokana na mvuke wa pombe iliyochemshwa, haina hata hicho kidogo. Mvuke unaopanda kutoka kwenye chungu hubeba kileo, maji na harufu. Protini na madini hubaki chini na machicha.

Tulinganishe kwa vipimo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo asilimia 4.2 ina takriban gramu 16 za kileo. Kila gramu hutoa kalori 7, kwa hiyo kileo peke yake ni kalori zaidi ya 110. Vitamini C, hakuna. Gramu 100 za sukuma wiki mbichi zina kalori zipatazo 35, protini gramu 3, kalsiamu zaidi ya miligramu 200 na vitamini C miligramu 30 na ushee. Kitambi kinatoka upande gani, hesabu imeshajibu.

Dhana: Stauti (bia nyeusi) huongeza damu, mama mjamzito anywe.

Ukweli: Ushauri huu unaumiza, na ni vizuri ukome. Weusi wa stauti hutokana na shayiri iliyokaangwa sana, si madini ya chuma. Nusu lita haifikishi hata nusu miligramu ya chuma, ilhali mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Gramu 100 za mchicha zina miligramu 2 hivi. Nazo hazitoshi peke yake, ndiyo sababu kliniki hutoa vidonge vya chuma na asidi ya foliki (foleti ya vidonge). Kamulia mboga ndimu ili chuma kifyonzwe vizuri, na chai ya majani isubiri saa moja baada ya mlo. Kileo hupita hadi kwa mtoto tumboni. Hata anayenyonyesha haongezewi maziwa na pombe: kileo hudhoofisha homoni inayoyasukuma yatoke.

Dhana: Managu (mnavu) yachemshwe, maji yamwagwe mara mbili tatu mpaka uchungu uishe.

Ukweli: Ukimwaga maji hayo umemwaga foleti na vitamini C. Magadi na munyu wa majivu hulainisha kunde na mrenda haraka, ila huharibu vitamini hizohizo, kwa hiyo tia kidogo sana. Chuma majani machanga kabla mmea haujatoa maua, maana uchungu wake ni mdogo, na ondoa vitunda vya kijani kwa kuwa vina sumu. Osha kabla ya kukata, si baada. Chemsha kwa maji machache, sufuria ikiwa imefunikwa. Ukilazimika kumwaga, mwaga mara moja tu. Malizia kwa mafuta au maziwa, kwa sababu mwili hauwezi kufyonza vitamini A vizuri bila mafuta.