Seli zimekufa, lakini nani kaziua?

Wazazi wengi wenye watoto wa selimundu wanaijua dawa ya haidroksiyurea. Ndiyo iliyofanyiwa majaribio kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka 2019. Ila ilianza kama dawa ya saratani, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1967. Ina atomi tisa tu. Kila mwanafunzi mpya anayeingia maabara yetu, tunakopima kama dawa inaua seli za saratani, namwanzishia na hiyo.

Inazuia kimeng'enya kinachoitwa raibonyukliotidi ridaktesi, kinachoandaa matofali ya kujengea DNA. Ndani ya kimeng'enya hicho kuna elektroni moja isiyo na mwenzake, na bila hiyo kimeng'enya hakifanyi kazi. Haidroksiyurea huizima. Seli ikianza kunakili DNA ili igawanyike, inakuta matofali yamekwisha, inakwama hapohapo.

Sasa twende kwenye sahani ya vishimo 96, kibao cha plastiki chenye vishimo vidogo vya kukuzia seli. Unapanda seli za saratani, unaweka dawa kwa viwango vinavyopanda, unaziacha kwenye joto la nyuzi 37, halafu unatia MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Mwanafunzi akipima baada ya saa 24, huja kinyonge: "Mwalimu, haifanyi kazi." Inafanya! Seli zimesimama, hazijafa, na rangi ile haiwezi kukuambia hivyo. Mpe siku tatu, azihesabu kwa darubini, ataona.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloniuma. Nilipokuwa mwanafunzi nilishangilia kampaundi iliyoua kila kitu, kumbe hata seli za vishimo vyenye kiyeyushi kitupu, DMSO, kimiminika tunachoyeyushia kampaundi, zilikuwa zimekufa. Nilikuwa nimekizidisha. Wiki tatu za kazi zikaenda. Leo sikubali sahani isiyo na safu ya kiyeyushi na safu ya seli zisizo za saratani.

Na hata safu hizo zikikaa sawa, bado hujaonyesha kwamba kimeng'enya ndicho kilichozuiwa, maana seli ina njia nyingi za kufa. Kwa haidroksiyurea, ushahidi ninaoupenda ulitoka kwenye seli za panya zilizozoeshwa dawa kidogo kidogo mpaka zikaistahimili. Zilipochunguzwa, zilikuwa zimejirundikia sehemu ileile ya kimeng'enya inayobeba ile elektroni, ishara kwamba hapo ndipo dawa ilipokuwa ikizipiga. Zoezi hilo huchukua miezi, na ndilo ninalompa mwanafunzi akishamaliza sahani zake.