Mkoa Hauna Madiwani: Yanayokosewa Mwanza Kuhusu Vikao vya RCC

Ukipanda daladala ya Kisesa ukapita Igoma, hakuna kitakachokuambia kwamba umetoka Jiji la Mwanza na kuingia Wilaya ya Magu. Maduka yanaendelea, bodaboda wanaendelea kugombea abiria, mafundi wanaendelea kufyatua tofali kando ya barabara. Upande wa pili ni yale yale: Buhongwa ni ya Jiji, Usagara ni ya Misungwi, na anayesafiri kwenda Shinyanga hajui amevuka saa ngapi. Mji ulishavuka mipaka zamani, makaratasi ndiyo hayajavuka. Aliyejenga Kisesa na kufungua duka Makoroboi ni mtu wa mjini kwa kila hali, ila kibali chake cha ujenzi kinatoka Magu.

Kwa hiyo redio ikitangaza kwamba RCC, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, imekaa, kijiweni kwetu ubishi huanza kabla ya taarifa kuisha. Mimi nimeshaingia kwenye vikao vya namna hiyo, nikiwa mtu wa viti vya nyuma, na mengi ninayoyasikia kijiweni hayafanani na niliyoyaona mle ndani.

"RCC ndiyo halmashauri ya mkoa"

Tanzania Bara hakuna halmashauri ya mkoa. Hakuna diwani wa mkoa, na hakuna ushuru wa mkoa. Nadhani neno hilo tumelitoa kwenye chama, maana CCM ina Halmashauri Kuu ya Mkoa, likahamia serikalini kwa mazoea tu. RCC ni kamati ya ushauri, iliyowekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997. Mkuu wa Mkoa ni mwenyekiti, Katibu Tawala wa Mkoa ni katibu. Mezani wapo wakuu wa wilaya, mameya na wenyeviti wa halmashauri, na wakurugenzi. Wabunge nao huhudhuria.

Kwa Mwanza, hao wanatoka wilaya 7 na halmashauri 8, na hesabu hiyo si kosa la uchapaji. Wilaya ya Sengerema ina Mkuu wa Wilaya mmoja lakini halmashauri mbili, Sengerema na Buchosa: wakurugenzi wawili, mabaraza mawili ya madiwani, vitabu viwili vya bajeti. Mtu wa Nyehunge akifunga safari hadi Sengerema mjini kuuliza kwa mkurugenzi wa pale kwa nini zahanati yake haijaezekwa, nauli yake imekwenda na maji.

"Bajeti ya halmashauri inapitishwa na Mkuu wa Mkoa"

Hili ndilo kubwa, na anayelisema ana sababu. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, serikali ilifuta halmashauri, na mipango ikawa kazi ya maofisa wa mkoa na wilaya. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, za wilaya zikasubiri hadi 1984. Aliyeanza utumishi miaka ile alizoea kweli kuona mkoa ukipanga kila kitu, na akawasimulia watoto wake hivyo.

Leo bajeti huanzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, ule ambao wengi wetu hatuendi. Inapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, inafika kwa wakuu wa idara na kamati ya fedha, na mwisho baraza la madiwani. Baraza ndilo linalopitisha. Juu ya hayo yote kuna mwongozo na ukomo wa bajeti kutoka serikali kuu, kwa hiyo hata madiwani hawapangi kama watu wenye pochi yao wenyewe.

Sasa mkoa unaingia wapi? Chini ya Katibu Tawala kuna Sekretarieti ya Mkoa: watu wa mipango, afya, elimu, kilimo, uhandisi. Hawa hupitia kitabu kimoja kimoja kuona kama kimefuata mwongozo, kama mapato yaliyokisiwa yanaaminika, kama jengo lililoachwa kwenye renta mwaka jana limetengewa fedha kabla ya kuanza jipya. Kisha vitabu vyote vinane vinaletwa RCC. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mwenyekiti wa Misungwi anaweza kufungua kabrasha na kuona Jiji linataka kufanya nini Buhongwa. Vikitoka hapo vinaelekea Dodoma, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai.

Kamati inashauri, haipitishi. Ila neno "ushauri" nalo lisikulaze usingizi. Anayeshauri ni mteule wa Rais, na mkurugenzi anayeshauriwa ni mteule wa Rais pia. Sijaona mkurugenzi aliyejibu ushauri wa aina hiyo kwa kusema atautafakari.

"Ilemela iko chini ya Jiji"

Haiko. Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, na Ilemela ikawa manispaa yenye baraza lake mwaka 2012. Tangu hapo ni ndugu wawili waliogawana kiwanja. Pengine watu wanafananisha na Dar es Salaam, ambako hadi 2021 kulikuwa na Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa. Huku hakuna aliye juu ya mwenzake. Bandari ziko Nyamagana, yaani wilaya ya Jiji, na uwanja wa ndege uko Ilemela. Stendi ya Nyegezi ni ya Jiji, ya Nyamhongolo ni ya Ilemela, na abiria anayetoka Musoma kuunganisha basi la Shinyanga anavuta mabegi yake kutoka himaya moja hadi nyingine.

Mapato yakitenganishwa hivyo, kila mmoja analinda chake, na mimi siwalaumu. Lakini mteremko wa mlima haujui nani anakusanya ushuru wa stendi. Ndiyo maana Mpango Kabambe wa Mwanza unaolenga mwaka 2035 uliziangalia Nyamagana na Ilemela kama mji mmoja. Ramani ni moja, watekelezaji wawili, na katikati yao panahitajika mtu wa kuuliza kila baada ya miezi kadhaa: mmefika wapi?

"Barabara zetu zimekwama RCC"

Mara nyingi mnakosea mlango. Kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa, chombo kingine, ingawa mwenyekiti ni yule yule Mkuu wa Mkoa na sura nyingi ni zile zile. Barabara ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ikiombewa kupandishwa hadhi iende TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, ombi hupita kwenye bodi hiyo. Kinachopita RCC ni mambo kama maombi ya kugawa wilaya au jimbo, na siku hizo ukumbi hujaa kweli kweli.

"Ziwa ni la Wizara, halmashauri hazihusiki"

Dagaa anayepakiwa Ukerewe na kushushwa soko la Mwaloni Kirumba, Ilemela, amegusa halmashauri mbili, na kila moja hutunga sheria ndogo zake za ushuru. Magugu maji yakisukumwa na upepo hayaulizi ufuko wa nani. Juu kabisa kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu. Chini kabisa kuna BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe mwaloni. Pengo huwa katikati, na hapo ndipo ninapoona faida ya ALAT, jumuiya ya tawala za mitaa iliyoanzishwa 1984. Ina matawi ya mikoa, na wajumbe wake hutembelea miradi ya wenzao. Mwenyekiti anayesimama kwenye soko la jirani na kuuliza choo kile kiligharimu kiasi gani hujifunza zaidi kuliko aliyeletewa taarifa.

"Ni posho na chai tu"

Nusu ni kweli. Nimeona makabrasha yakigawiwa asubuhi ile ile ya kikao, kurasa mia na kitu, na mchana watu wanachangia jambo ambalo hakuna aliyelisoma.

Lakini nina mfereji wangu. Nimejenga karibu na mpaka wa halmashauri mbili. Moja ilijenga mfereji wa zege, mzuri, ukaja hadi kwenye kibao cha mpaka ukaishia hapo, na masika maji yote yakawa yanamwagika uwanjani kwetu. Kila mkandarasi alifuata mkataba wake. Tulilalamika pande zote mbili, na kila upande ulitueleza kwa upole kwamba tatizo liko ng'ambo. Mwishowe diwani wetu alimbana mwenyekiti wake, mwenyekiti akalisema mkoani mbele ya yule wa upande wa pili, ambaye hakuwa amewahi kuusikia. Mwaka wa fedha uliofuata mfereji ukawekewa fungu. Mafundi walikuja, wakachimba, wakauunganisha na ule wa zamani pale pale kwenye kibao. Wa upande wa kwanza una upana wa mita moja, huu wa pili sentimita sitini.